Maaskofu watano wa visiwani na kura nne

Mhariri,

Maaskofu Wakatoliki wa visiwa vya Bahari ya Hindi wakikutana, magazeti ya Kiswahili huwapa mistari sita: wamekutana, wameombea amani, wamepiga picha. Mwishoni huongezwa kwamba "wameagiza" jambo fulani kwa Wakatoliki wa visiwa vyote. Neno hilo mara nyingi si sahihi, na ndilo lililotufanya tushike kalamu. Tunaomba nafasi tueleze baraza hilo lina uwezo upi, na kazi yake hukwama wapi.

Baraza lenyewe, yaani Baraza la Maaskofu wa Bahari ya Hindi, hujulikana kwa kifupi cha Kifaransa, CEDOI. Ndani yake kuna maeneo matano: Jimbo la Port-Louis nchini Morisi, Jimbo la Saint-Denis kisiwani Réunion, Jimbo la Port Victoria nchini Shelisheli, Vikarieti ya Kitume ya Rodrigues, kisiwa cha Morisi kilicho mbali upande wa mashariki, na Vikarieti ya Kitume ya Komoro. Vikarieti ya Kitume ni eneo ambalo bado halijafanywa jimbo kamili. Hii ya Komoro ina mambo yake. Ngazija, Nzwani na Mwali ziko katika Muungano wa Komoro. Maore, ambayo Wafaransa huiita Mayotte, ni mkoa wa Ufaransa tangu 2011. Askofu ni mmoja, dola ni mbili. Madagaska haimo, kwa kuwa maaskofu wake wana baraza lao la kitaifa. Hata hivyo balozi wa Papa kwa Morisi na Shelisheli makazi yake ni Antananarivo, mji mkuu wa nchi ambayo maaskofu wake si wanachama wa CEDOI.

Kwa kawaida baraza la maaskofu ni la nchi moja. Hivyo ndivyo isemavyo kanuni ya 448 ya Sheria za Kanisa za 1983, fungu la kwanza. Fungu la pili linaacha mlango: baraza laweza kuundwa kwa eneo dogo zaidi au kubwa zaidi, hata likakusanya maaskofu wa nchi mbalimbali, na mwenye kuamua ni Kiti Kitakatifu, yaani Papa na ofisi zake za Roma, baada ya kuwasikiliza maaskofu wenyewe. Mlango huo umepitiwa kwingine pia. Papua New Guinea na Visiwa vya Solomon wana baraza moja. Visiwa vya Karibi vina lao linalovuka nchi na lugha kadhaa. Lakini baraza la namna hii haliwi serikali ya juu ya majimbo. Hata SECAM, lile shirikisho la mabaraza ya Afrika nzima na Madagaska lililoanzishwa Kampala mwaka 1969, halina mamlaka ya kumtungia askofu yeyote sheria. Wala AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, ambamo maaskofu wa Tanzania na Kenya wamo, hauna mamlaka hayo.

Sasa tuje kwenye kura. Kanuni ya 455 inasema baraza laweza kutoa amri ya jumla katika mambo yale tu ambayo sheria ya Kanisa zima imeyataja, au Roma imetoa idhini maalumu. Amri hiyo lazima ipate angalau theluthi mbili ya kura za wanachama wote wenye haki ya kupiga kura ya uamuzi, kisha ipitiwe na Kiti Kitakatifu kabla haijatangazwa. Zingatia: theluthi mbili ya wanachama, si ya waliohudhuria. Chukua wakuu watano wa maeneo haya matano, pasipo maaskofu wasaidizi. Theluthi mbili ya watano ni tatu na theluthi moja, na kwa kuwa mtu hagawanyiki, zinatakiwa kura nne. Wawili wakikataa, hoja imekufa. Wawili wakikosa ndege kwa sababu ya kimbunga na kanuni za mkutano hazikuweka utaratibu wa kura ya mbali, hoja imekufa vilevile, ingawa watatu waliofika wote wameinua mikono. Katika baraza la maaskofu thelathini hakuna anayeshtuka wawili wasipofika.

Ongeza jimbo kukosa askofu. Mwaka 2020 Askofu Alain Harel alihamishwa kutoka Rodrigues kwenda Port Victoria; kiti kimoja kikajazwa na kingine kikaachwa wazi kwa hatua ileile. Mwaka 2023 ukaja mzigo mzito zaidi. Kardinali Maurice Piat alipokewa kijiti huko Port-Louis na Askofu Jean Michaël Durhône, na Askofu Gilbert Aubry, aliyeiongoza Saint-Denis tangu miaka ya 1970, akapokewa na Askofu Pascal Chane-Teng. Viti viwili kati ya vitano kubadilika ndani ya mwaka mmoja maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kumbukumbu ya baraza imeondoka na vichwa vya watu wawili. Nani aliahidi nini kuhusu waseminari? Yule padre aliazimwa kwa masharti gani? Kama jibu halipo kwenye faili la katibu mkuu, halipo. Kwa hiyo anayetaka kujua ushirikiano huu una afya asitazame tamko la mwisho la mkutano. Aulize kama baraza lina katibu mwenye ofisi, kabati la nyaraka na muhtasari uliotiwa sahihi, au kama ukatibu unazunguka na mizigo ya yule aliyechaguliwa mwaka huo.

Nje ya zile amri chache, fungu la nne la kanuni hiyohiyo linasema uwezo wa kila askofu katika jimbo lake unabaki kamili. Kwa mfano, sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo ni siku ya mapumziko kitaifa huko Shelisheli, nayo Réunion si ya mapumziko. Kuihamishia Dominika ni unafuu kwa mfanyakazi wa Saint-Denis. Kwa muumini wa Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, ni kumpa sikukuu ya serikali isiyo na Misa ya siku yenyewe. Ukitaka kalenda moja kwa visiwa vyote, utamuumiza mmoja. Maaskofu wenye busara huliacha jambo kama hili kila mmoja kwake, na hiyo haimaanishi wamegombana.

Tukitaka kuona ushirikiano unapomgusa muumini, twende kwenye mahakama ya ndoa.

Mtu akitaka Kanisa lichunguze kama ndoa yake ilikuwa batili tangu mwanzo, kesi husikilizwa na mahakimu watatu. Tangu 8 Desemba 2015, mageuzi ya Papa Fransisko yalipoanza kutumika, askofu asiyeweza kuunda jopo hilo, wala kuifikia mahakama ya jirani, anaruhusiwa kukabidhi kesi kwa hakimu mmoja ambaye ni padre au shemasi. Tuseme basi ni mmoja. Bado anahitajika mtetezi wa kifungo cha ndoa, anayetoa hoja za kuitetea ndoa, na huyu si pambo: asipoitwa pale anapotakiwa, mwenendo wa kesi ni batili. Anahitajika pia karani wa kuthibitisha nyaraka, maana isiyo na sahihi yake haihesabiki. Hakimu na mtetezi wote wawe na shahada ya leseni au ya udaktari katika sheria za Kanisa. Leseni hiyo ni miaka mitatu ya masomo, kwa mtu ambaye tayari amemaliza falsafa na teolojia. Kisiwa chenye mapadre wa kuhesabika kwa vidole kikipeleka mmoja shule miaka mitatu, parokia moja inabaki bila mchungaji. Na akirudi, ni mmoja tu wa wale wawili wanaotakiwa.

Dawa imo katika kanuni ya 1423: maaskofu kadhaa, kwa idhini ya Kiti Kitakatifu, wanaweza kuwa na mahakama moja ya ngazi ya kwanza. Ila hapa kuna shimo. Kanuni ya 1439 inataka, pale majimbo yasipokuwa yote chini ya jimbo kuu moja, baraza lianzishe pia mahakama ya ngazi ya pili, nayo kwa idhini ya Roma. Visiwa hivi havina jimbo kuu; kila eneo liko moja kwa moja chini ya Kiti Kitakatifu. Ukifungua ngazi ya kwanza ukasahau ya pili, siku mmoja wa wanandoa akikata rufaa hajui apeleke wapi, na jalada linalala mezani. Tangu 2015 hukumu ya kwanza ya ubatili hailazimiki tena kuthibitishwa na ya pili, basi watu hudhani ngazi ya pili haina kazi. Rufaa ipo, na mwenye haki nayo haombi ruhusa.

Tena si lazima kila kitu kisafiri. Kanuni ya 1418 inaipa mahakama yoyote haki ya kuiomba nyingine msaada wa kukusanya ushahidi. Chukua mke aliyefunga ndoa Mahé, anaishi Saint-Denis, na mashahidi wake wawili wako Rodrigues. Kesi yaweza kufunguliwa mahali ndoa ilipofungwa, au anapokaa mmoja wao, au kunakopatikana sehemu kubwa ya ushahidi. Ikifunguliwa Réunion, hakimu anaandika maswali, anayapeleka Rodrigues, padre aliyeteuliwa huko anawahoji mashahidi mbele ya karani, majibu yanarudi na sahihi na muhuri. Kinachoharibika ni vitu vidogo. Maswali yameandikwa Kifaransa cha mahakamani, shahidi anajibu Krioli, lugha ya visiwani iliyotokana na Kifaransa, na aliyehoji ameandika muhtasari wake mwenyewe kwa Kifaransa badala ya maneno ya shahidi. Hakimu akiusoma hajui shahidi alisema "alilazimishwa" au "alishauriwa", na kesi nzima yaweza kuwa imesimama juu ya tofauti hiyo. Jibu liandikwe kwa lugha lilivyotamkwa, tafsiri iwekwe kando yake, na mfasiri atie sahihi yake.

Krioli nayo si moja. Ya Morisi na Rodrigues ni ndugu wa karibu. Ya Shelisheli ina tahajia yake na ni lugha rasmi ya nchi pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Ya Réunion imechepuka zaidi. Sala za Misa zikitafsiriwa, wa kuandaa na kuidhinisha ni baraza, kisha Roma inathibitisha. Ndivyo ilivyo tangu Papa Fransisko aliporekebisha kanuni ya 838 mwaka 2017. Matokeo yake, askofu wa Moroni, mji mkuu wa Muungano wa Komoro, aweza kujikuta anapiga kura juu ya kiima na kiarifu cha lugha asiyoizungumza. Utaratibu unaofaa ni kamati ya wazungumzaji wa Krioli husika kutoa ripoti ya maandishi kwanza, na baraza kuipigia kura ripoti hiyo badala ya kurudia mjadala neno kwa neno.

Kuazimana mapadre ni eneo la pili ambapo maneno mazuri huwa mengi kuliko karatasi. Sheria inataka makubaliano ya maandishi kati ya askofu anayetoa na anayepokea, yenye haki na wajibu wa padre. Ukiona barua ya aya moja, "tunakutumia Padre fulani kwa roho ya udugu", jua matatizo yako njiani. Barua nzuri hutaja muda kwa tarehe ya kuanza na kwisha, parokia au kazi, nyumba, posho, na kwa sarafu gani, bima ya matibabu, na kama inamfuata akiwa likizo, mchango wa uzeeni, unaolipwa wapi, tiketi ya kwenda kuona wazazi, kila baada ya muda gani, na nani anamrudisha kibali kikikataliwa. Iambatane na taarifa ya askofu wake juu ya mwenendo wake, hasa usalama wa watoto, ikiwa na tarehe ya karibuni. Tena kuna jambo la miaka mitano. Kanuni ya 268 inasema padre aliyehamia kihalali, miaka mitano ikipita, akiwaandikia maaskofu wote wawili kwamba anataka kuwa wa jimbo jipya, na hakuna kati yao aliyepinga kwa maandishi ndani ya miezi minne, anakuwa wa jimbo hilo kwa nguvu ya sheria yenyewe. Askofu anayeweka barua kama hiyo kwenye droo akisubiri mkutano ujao anaweza kuja mkutanoni amekwisha kumpoteza padre.

Viza ndiyo inayokata pumzi. Tangu 1995 Mkomoro anahitaji viza kuingia Maore. Padre asiye na pasipoti ya Kifaransa anayehudumu Moroni akitakiwa Mamoudzou, mji wa Maore, ndani ya vikarieti yake mwenyewe, anaomba viza kama mgeni. Akipata kibali cha ukaazi cha Maore, kwa kawaida hakimtoshi kwenda Réunion bila idhini nyingine, ingawa zote mbili ni Ufaransa. Askofu Charles Mahuza Yava, mtawa wa shirika la Wasalvatori kutoka Kongo aliyekabidhiwa vikarieti hiyo mwaka 2017, anaongoza eneo ambalo mkutano wake wa mapadre hupangwa kwa kalenda ya ubalozi. Kwa hiyo semina yoyote ya pamoja ya CEDOI ikipangwa Réunion, majina ya washiriki wa Komoro yatolewe miezi kadhaa kabla, na barua za mwaliko zitaje anayegharimia malazi na tiketi ya kurudi. Watu wa Saint-Denis na Port-Louis, waliozoea kurushwa na ndege chini ya saa moja, husahau jambo hili kila mara.

Kuhusu fedha hatutakawia. Sarafu ni nne: rupia ya Morisi, rupia ya Shelisheli, yuro ya Réunion na Maore, na faranga ya Komoro, iliyofungwa kwa yuro kwa kiwango cha 491.96775. Ada ikiwekwa kwa kiasi kisichobadilika, anayelipa kwa rupia hubeba hasara ya soko peke yake. Bora bajeti iandikwe kwa yuro, kila eneo lipewe asilimia yake, na tarehe ya kiwango cha kubadilishia itajwe katika uamuzi wenyewe. Pia vyanzo havifanani: serikali ya Morisi hutoa ruzuku kwa dini zinazotambuliwa, ilhali Réunion inafuata sheria ya Ufaransa ya 1905 iliyotenganisha dola na dini. Kusema "kila mmoja atoe sawa" kuna sura ya haki tu.

Matamko ya pamoja yana mtego wake pia. Tamko la mafundisho linalotolewa na baraza lazima likubaliwe na maaskofu wote, au lipate theluthi mbili na kupitiwa na Roma; ndivyo alivyoweka Yohane Paulo II mwaka 1998. Barua ya kichungaji kuhusu uchafuzi wa bahari, kama ule wa meli Wakashio iliyokwama Morisi Julai 2020 na kuanza kumwaga mafuta Agosti, haina shida popote. Barua inayotaja "kuinjilisha visiwa vyetu" inasomeka vizuri Port-Louis, lakini katika Muungano wa Komoro, ambako Uislamu wa Sunni ni dini ya dola, sentensi hiyohiyo yaweza kuwafungia mlango masista wenye zahanati. Rasimu isomwe Moroni kabla ya kupelekwa mitamboni, na mkuu wa vikarieti apewe siku za kutosha kupendekeza neno jingine. Hilo si woga. Ni wajibu wa jirani kwa jirani.

Kuhusu ulinzi wa watoto, agizo la Papa la 2019 linalotumika kwa Kanisa zima liliruhusu majimbo kuwa na mfumo wa kupokea taarifa kila moja peke yake au kwa pamoja. Kwa visiwa vidogo, pamoja kunavutia: mtoa taarifa hamkuti shemeji yake mezani. Ila namba moja ya simu kwa visiwa vyote inayopokelewa kwa Kifaransa pekee haimfai mzazi wa Rodrigues, na sheria za kutoa taarifa polisi zinatofautiana kwa kila dola. Chombo kiwe kimoja, mpokeaji awe wa kila kisiwa na wa lugha yake, na ukurasa wa mwongozo unaotaja sheria ya nchi husika uwe tofauti kwa kila eneo. Hata saa za kazi zitajwe: Komoro na Maore ziko saa moja nyuma ya wengine.

Sisi wa bara tuna deni la zamani kwa visiwa hivi. Mapadre na masista waliofika Zanzibar mwaka 1860, wakiongozwa na Padre Armand Fava, walitumwa kutoka Réunion na askofu wa Saint-Denis. Wamisionari wa Roho Mtakatifu wa Bagamoyo walikuja baada yao. Deni hilo laweza kulipwa na karani wa parokia. Wakatoliki wengi wa Komoro ni wageni, wakiwamo watu wa bara. Wakifunga ndoa huko, kanuni ya 1122 inataka parokia walikobatizwa iarifiwe ili ndoa iandikwe kwenye daftari la ubatizo, pembeni mwa jina. Kabla ya hapo paroko wa huko huomba cheti kipya cha ubatizo, kwa desturi kisichozidi miezi sita, chenye maelezo ya pembeni yote hata kama ni "hakuna". Kinachorudi kutoka kwetu mara nyingi ni nakala ya kile cheti cha zamani cha utotoni, kisichoonyesha lolote lililotokea baadaye, au hakirudi kitu. Karani afungue daftari lenyewe, anakili namba ya kitabu na ya mstari, aandike maelezo ya pembeni kama yalivyo, paroko atie sahihi na muhuri, na karatasi itumwe wiki hiyohiyo kwa barua pepe huku ile halisi ikifuata kwa posta.

Ni sisi wasomaji wenu wa siku nyingi.